Kitabu Kirefu na Jinsi ya Kukimaliza

Jioni hii nimepewa dakika chache nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo huenda mtu akalidhani dogo, nalo ni kusoma kitabu kirefu mpaka mwisho wake bila kukinai njiani. Sisemi juu ya vitabu vya kurasa 60 au 80, ambavyo mtu aweza kukianza kimoja asubuhi akakimaliza kabla ya adhuhuri. Nasema juu ya vile vinene, ambavyo ukikitua mezani hutoa kishindo, na ambavyo katika nyumba nyingi kazi yake ni kukaa juu ya kabati vionwe na wageni.

Kabla ya yote sina budi kuungama. Mimi nalikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo yote nalikuwa nikisimama mbele ya darasa nikawaambia watoto ya kuwa nchi yetu ina kitabu kimoja kikubwa, kilichoandikwa na mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa la Viktoria, Aniceti Kitereza, nacho chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nalikisifu kwa maneno mazuri. Nalitaja mwaka aliozaliwa mwandishi, 1896. Nalitaja ya kuwa alimaliza kukiandika kwa lugha ya kwao, Kikerewe, mwaka 1945, kisha akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Watoto waliyaandika hayo yote katika madaftari yao. Hakutokea hata mmoja aliyeniuliza, "Mwalimu, wewe umekisoma?" Na kama angaliuliza, sijui ningalijibu nini, maana nalikuwa nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nikaishia mahali pamoja.

Mahali hapo ni penye pombe.

Kwa ajili ya wale wasiokijua kitabu hiki, yafaa nieleze kidogo. Myombekere na mkewe Bugonoka ni watu wa Ukerewe ya zamani, kabla ya Wazungu kufika. Wamekaa katika ndoa yao bila kupata mtoto. Ndugu za mume wakaanza kumsimanga yule mwanamke kwa utasa, na masimango yakazidi hata wazazi wake wakamtwaa binti yao, wakarudi naye kwao. Mume akabaki, akaonja taabu ya nyumba isiyo na mke. Mwisho akafunga safari kwenda ukweni kumwomba mke wake. Wakwe wakamsikiliza, lakini hawakumpa mke siku ile. Walimpa sharti: alete pombe ya ndizi.

Basi hapo ndipo kitabu kiliponishinda. Mwandishi mwingine angalisema, "Akapika pombe, akaipeleka, akapewa mkewe," akaendelea na mambo mengine. Kitereza hasemi hivyo. Pombe ya ndizi ni kazi ya siku nyingi na ya mikono mingi. Ndizi hukatwa zikiwa bado mbichi, huvundikwa mpaka ziive, humenywa, hukamuliwa pamoja na majani mpaka maji yake matamu yatoke, huchanganywa na unga wa mtama, kisha huachwa zichachuke. Na kila kazi ina watu wake wa kualikwa, na kila aliyealikwa ana maamkio yake, na maamkio ya Wakerewe si ya kupita mbio. Mimi nalikuwa nikisoma usiku kitandani, peke yangu, mwili umechoka kwa kusahihisha madaftari, na nataka kujua neno moja tu: mke atarudi au hatarudi? Kitereza hakunijibu. Aliniletea ndizi. Nikalala. Kesho yake nikasoma kurasa mbili, keshokutwa moja, kisha kitabu kikarudi juu ya kabati. Baada ya miaka nikakitwaa tena, nikaanza tena mwanzo, nikafika tena penye ndizi.

Nalijilaumu kwa uvivu, na yamkini kuna kati yenu ajilaumuye vivyo hivyo. Lakini sasa nadhani kosa langu halikuwa uvivu. Mambo yaliyotokea mtaani kwetu mwaka 2018 ndiyo yaliyonifundisha, nami nitawasimulieni.

Mwaka huo nalikuwa nimekwisha kustaafu. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja, mwenyeji wa Ukerewe, ambaye katika ujana wake alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akaipata bandarini, akajenga hapa Temeke. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho; aliweza kumtambua mtu kwa umbo na sauti, lakini herufi hakuziona tena. Jioni moja, siku chache baada ya Idi, nalipita mbele ya baraza yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu uketi. Nina kazi nawe."

Akamtuma mjukuu wake, msichana wa miaka 13 aliyekuwa darasa la saba, alete kitu kilichomo sandukuni. Mtoto akaleta kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa. Nami nalikitambua kabla hakijafunguliwa.

Mzee alikuwa amekinunua mjini katika miaka ya 1980, mara aliposikia ya kuwa mtu wa kwao ameandika kitabu. Alikisoma sehemu, zamu za bandarini zikamkatiza, watoto wakazaliwa, hata macho yakamtoka. "Nataka nisomewe," akasema, "na huyu mtoto asikie. Hajui hata kuamkia kwa Kikerewe. Wewe ni mwalimu. Kitabu hiki wakijua."

Nikasema, "Nakijua, mzee."

Wasikilizaji, neno hilo halikuwa uongo mtupu, wala halikuwa kweli.

Tukaafikiana tukutane mara tatu kwa juma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya chakula cha jioni. Mimi kwa pupa yangu nikasema tusome kurasa 20 kila mara, ili tumalize upesi. Mzee akakataa. Akasema kurasa sita zatosha. Nikamwambia ya kuwa kitabu kina kurasa zaidi ya mia sita, na kwa mwendo huo tutamaliza lini? Akanyosha mkono kuelekea msikiti ulio karibu nasi, akasema, "Hawa jirani zetu wametoka kuhitimisha msahafu mzima kwa mwezi mmoja. Waliumaliza kwa kukimbia?"

Yeye ni Mkristo, lakini mtu aliyekaa Temeke zaidi ya miaka 40 ataachaje kuyajua ya jirani zake? Na neno lake ni la kufikiriwa. Kurani ina sura 114, na sura hizo hazilingani hata kidogo, nyingine ndefu sana, nyingine za mistari michache. Lakini wenye elimu wa zamani waliigawanya katika juzuu 30 zinazokaribia kulingana, hata mtu asomaye juzuu moja kila siku huhitimu kwa siku 30. Mtoto wa chuo cha Keko au Mtoni haogopi unene wa msahafu, maana hautazami wote. Hutazama fungu lake la leo. Twasema kila siku ya kuwa watu wa mitaa yetu hawana desturi ya kusoma vitabu virefu. Lakini kila mwaka, katika mwezi mmoja, maelfu ya watu husoma kitabu kirefu mpaka neno la mwisho, wengine kwa lugha wasiyoifahamu vema. Desturi tunayo. Hatujaitumia kwa vitabu vingine tu.

Basi tukaanza. Ukurasa mmoja ukisomwa kwa sauti, bila haraka, huchukua kama dakika tatu au nne, kwa hiyo kurasa sita zilitupita katika muda mfupi kuliko ule watu wanaokaa wakitazama mpira. Simu tuliziacha ndani ya nyumba. (Hili ni shauri la yule mtoto, wala si langu, alisema yangu ndiyo iliyo na kelele kuliko zote.)

Majuma ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha, Jumatano moja, tukafika penye pombe.

Nalijua tunafika. Tangu asubuhi nalikuwa nikiliwaza. Nikafikiri ya kuwa mzee amechoka, mtoto ana masomo yake, na hakuna atakayepata hasara tukikata kona kidogo. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, kisha mbili tena. Sauti yangu haikutetereka hata kidogo. Mwalimu wa miaka mingi hujua kusoma kwa uso mkavu.

Mzee akainua mkono.

"Mwalimu, ndizi zimeiva lini?"

"Mzee?"

"Ndizi. Nimezisikia zikikatwa, zilikuwa mbichi. Sasa nasikia pombe. Ziliivia wapi?"

Kabla sijapata jibu, yule mtoto akasema, "Babu, ameruka. Nimemwona akifunua nyingi kwa pamoja."

Kukawa kimya. Mzee akaniuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ukali, "Mwalimu, kitabu hiki umepata kukisoma?"

Basi nikawaambia kweli yote, mbele ya mtoto wa darasa la saba: mara tatu nalizoanza, mahali naliposhindwa, na miaka mingi naliyokisifu mbele ya madarasa. Mzee hakucheka wala hakunikemea. Alikaa kidogo, kisha akasema, "Huyu bwana, mke wake yuko kwa wakwe. Wewe wataka pombe iwe tayari upesi ili uendelee na hadithi. Yeye hataki iwe tayari upesi? Ana haraka kuliko wewe. Lakini ndizi hazimjui. Rudi nyuma, ukae naye hapo."

Nikarudi nyuma. Jioni ile tulisoma kurasa tatu tu, maana mzee alikuwa akitusimamisha kila mara. Alitueleza jinsi baba yake alivyochimba shimo la kuvundikia ndizi, na jinsi watoto walivyokatazwa kulikaribia, na jinsi walivyolikaribia. Alimweleza mtoto majani gani hutumika katika kukamua na kwa nini mengine hayafai. Mtoto akauliza kama pombe ile ingeharibika ingekuwaje. "Angaanza upya," mzee akasema, "na mke angengoja." Hapo ndipo nalipoona kitu ambacho sikukiona katika mara zangu tatu. Faini ile haikuwa pombe. Faini ilikuwa siku zenyewe. Wakwe walimtaka mtu yule afanye kazi ndefu kwa ajili ya mwanamke aliyeachwa asimangwe, na mwandishi naye ametutaka sisi tuifanye kazi ile pamoja naye, walau kwa masikio. Angaliikata, tungalijua ya kuwa Myombekere alilipa, lakini tusingalijua ni kiasi gani.

Usiku ule nalikwenda nyumbani nikiwaza juu ya Kitereza mwenyewe. Kutoka mwaka alipomaliza kuandika, 1945, mpaka mwaka kitabu kilipotolewa, 1980, ni miaka 35. Mtu huyu aliijua habari ya kungoja.

Sasa niache kidogo baraza ya mzee wangu, niseme juu ya vitabu virefu kwa jumla, maana nadhani tumevidhulumu kwa namna tunavyovisoma. Vingi kati yake havikutungwa visomwe na mtu mmoja, usiku, kimya kimya, kwa mkupuo. Tazameni tendi zetu za pwani. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake iliandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Utenzi wa Rasi l'Ghuli una beti zaidi ya elfu nne. Nani angaliweza kuzisoma beti elfu nne peke yake kitandani? Tendi zilikuwa za kughaniwa mbele ya watu, na mwenye kusikia alikuwa na jirani wa kumtazama usoni habari ilipokuwa nzuri. Ama Alfu Lela Ulela, hadithi yenyewe yatufundisha jinsi ya kusomwa: yule bibi Shahrazadi humsimulia mfalme usiku, na alfajiri ikifika hukatiza pale pale patamu, ili aachwe hai mpaka usiku wa pili. Mfalme hakuchoka kwa sababu hakushibishwa.

Na Wazungu vivyo hivyo. Mwingereza Charles Dickens, ambaye vitabu vyake huwatisha wanafunzi kwa unene, alivitoa kwa mafungu. Kile cha Bwana Pickwick kilitoka mwezi kwa mwezi, mwaka 1836 na 1837. Mfaransa Alexandre Dumas aliitoa hadithi yake ya mtu aliyefungwa bila hatia akarudi kulipiza kisasi, The Count of Monte Cristo, katika gazeti, tangu mwaka 1844 hata 1846. Watu waliosoma siku zile walikuwa kama sisi tunaposikiliza mchezo wa redio: wanasikia kipande, kinakatwa, wanabishana mpaka kipande kingine kije. Sisi twakitwaa kitabu kile kile, twataka kukimeza kwa juma moja, kisha twasema ni kirefu mno.

Shemeji yangu wa Kinondoni aliwahi kuniletea shauri jingine, nami nikamsadiki kwa kuwa yeye si mtu wa shule sana. Alikuwa akisoma Vita na Amani cha Mrusi Leo Tolstoy kwa Kiingereza, ndani ya mabasi ya mwendokasi, akienda kazini asubuhi. Akipata kiti husoma, akikosa husimama tu na mawazo yake. Kilichokuwa kikimshinda si urefu bali majina. Katika vitabu vya Warusi mtu mmoja ana jina lake, na jina la baba yake, na jina la ukoo, na tena jina la kubembelezwa nyumbani, na mwandishi hutumia lolote apendalo. Shemeji akafanya kama afanyavyo mwenye duka anayekopesha: akaweka kijidaftari. Kila mtu mpya akamwandikia jina, ni mtoto wa nani, na mara ya mwisho alionekana wapi. Akasema ya kuwa baada ya kurasa mia moja hakukihitaji tena, kwa kuwa watu wale wamekuwa kama watu wa mtaani kwake. Nalimweleza habari hii mjukuu wa mzee, naye akafanya kama hivyo, ila yeye alichora mti wa ukoo, ukajaa karatasi mbili.

Lakini nisiwadanganyeni. Si kila kitabu kirefu chastahili taabu hii. Kuna vitabu virefu kwa sababu habari zake ni nyingi, na kuna vitabu virefu kama foleni ya magari ya barabara ya Kilwa jioni, yaani hakuna sababu, ila kila mtu ameingia na hakuna anayeongoza. Kupambanua si rahisi mwanzoni. Mimi hujiuliza hivi: nikikifunga kitabu siku tatu, kuna mtu yeyote ndani yake ninayemwaza nikiwa nafanya mambo mengine? Akiwako hata mmoja, naendelea. Asipokuwako, nakirudisha kwa mwenyewe na ahsante juu, wala sioni haya. Tatizo langu na Kitereza ni kwamba Myombekere nalikuwa nikimwaza kila mara. Kwa miaka 20 nalikuwa nikijiuliza kama alimpata mkewe. Hiyo ilikuwa dalili, nami sikuifuata.

Basi, muda wangu wakaribia kwisha. Niwamalizieni habari ya baraza yetu.

Hatukusoma kila siku tuliyoahidiana. Palitokea msiba mtaani, tukakaa matangani. Mwezi wa Septemba mtoto alikuwa na mtihani wake wa darasa la saba, tukapumzika majuma mawili. Mvua za vuli zilitufukuza barazani mara mbili tatu. Kila tuliporudi, mzee alikuwa na swali lake moja: "Tulifika wapi?" Wala hakutaka jibu la ukurasa; alitaka habari. Mtoto ndiye aliyekuwa akijibu, akisimulia kwa maneno yake yaliyopita, na mara nyingi alikumbuka mambo ambayo yalinipita mimi niliyeyasoma kwa mdomo wangu. Mzee alikuwa akimsahihisha mambo ya desturi, naye mtoto alikuwa akimsahihisha mzee mambo ya hadithi. Jina la Kikerewe likitokea, mzee alimfanya alitamke mara tatu. Kufikia mwezi wa Novemba alikuwa akimwamkia babu yake kwa lugha ya kwao kila tulipoketi, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha.

Na Bugonoka? Sitawaambieni habari zake zote. Kichwa cha kitabu chenyewe chawataja Ntulanalwo na Bulihwali, na mwenye akili atajua ni akina nani. Lakini njia ya kuwafikia ni ndefu, ina mganga ndani yake, na dawa, na uvuvi, na kilimo, na magonjwa, na matanga, na mimi sikutamani hata kipande kimoja kikatwe. Ndiyo, hata magugu ya shamba.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 yule mtoto akapata nafasi katika shule ya bweni, mbali na Dar es Salaam. Zilikuwa zimebaki kurasa zisizotimia mia moja. Nikamwambia mzee tuendelee, tukimaliza tutamsimulia mtoto kwa barua. Mzee akakataa kabisa. Akasema kitabu kifungwe mpaka likizo ya mwezi wa Juni. Tumeondoka watatu, tutafika watatu. Na kwa kuwa paa la chumba chake lilikuwa likivuja na masika yaja, akanipa kitabu nikitunze kwangu.

Wasikilizaji, mnaona nalivyojaribiwa. Kitabu kilekile kilichokaa juu ya kabati langu miaka 20 bila kuniomba chochote, sasa kiko juu ya kabati lilelile, nami nikipita chumbani namsikia Ntulanalwo akiniita. Nalivumilia mwezi wa kwanza. Nalivumilia wa pili. Katika mwezi wa tatu, usiku mmoja umeme ulikatika, sikuwa na la kufanya, nikawasha kandili nikasema nitatazama ukurasa mmoja tu, kuona kama panya hawajautafuna. Nalimaliza kurasa zote katika usiku mbili. Usiku wa pili, nalipofunga jalada, jogoo wa jirani walikuwa wakiwika.

Mwezi wa Juni mtoto akarudi, amerefuka. Tukaketi barazani kama zamani, mzee kitini pake, mtoto mkekani na karatasi zake za ukoo. Akasimulia tulipofikia, kuanzia mwanzo hata mwisho, bila kukosea jina. Nami nikafungua kitabu, nikaanza kusoma kwa uso mkavu wa mwalimu. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Tukafika mahali ambapo watu wamekaa kwa furaha, wanataniana, na mtoto alikuwa akicheka.

Mzee akainua mkono.

"Mwalimu, hapa watu wanacheka. Mbona wewe wasoma kama uko matangani?"

Sikujibu. Mtoto akaacha kucheka, akanitazama usoni, akatazama kitabu, akanitazama tena.

"Babu," akasema, "ameshasoma mbele."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Mara ile alitaka kuturukisha," akasema, "na sasa ametutangulia. Haya, Mwalimu, rudi tulipo sisi."